Mnunuashimo

Siku hizi neno hili limekuwa tamu mdomoni. Kijana wa Kindu akikopa nguo za watu, akazipakia mtumbwini kwenda kuzibahatisha katika vijiji asivyovijua, wenzake humpiga begani wakamwita mnunuashimo, naye hutabasamu kana kwamba amevishwa kilemba. Waacheni. Neno halina mwenyewe, na mwanamke ambaye angeweza kuwazomea hayupo tena sokoni. Lakini kabla halijawa sifa lilikuwa kazi, na kabla halijawa kazi lilikuwa shimo kweli, shimo la udongo lenye pembe ya ndovu ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika misitu ya kaskazini, upande wa Punia, mwenye pembe hakuiweka nyumbani. Kuiweka nyumbani ilikuwa kuwaita watu wenye bunduki, nao wakija huchukua pembe, huchukua mbuzi, na mke wa mtu juu yake. Kwa hiyo aliizika porini. Mnunuzi aliyekuja kwa amani alionyeshwa tundu dogo ardhini, la kuingiza mkono mpaka kiwiko, akapapasa ncha, basi. Kuifukua kabla ya kulipa kulikuwa mwiko, kwa sababu pembe iliyokwisha kuona jua hupata wenyewe wengi. Ukishatoa nguo zako za merikani, shanga zako na masango yako ya waya wa shaba, ndipo unapewa jembe. Pengine utafukua pembe ya kubebwa na wanaume wawili. Pengine utafukua kipande kilichooza, chenye ncha nzuri tu. Umenunua shimo, na kilichomo anakijua Mungu na yule aliyefukia. Watu wa pwani husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Afadhali huyo mbuzi, maana hulia.

Na bei haikufungwa siku hiyo hiyo. Kikao cha kwanza kilikuwa cha kutaja, cha pili cha kugombana, cha tatu cha kupeana mikono, na baina ya kikao na kikao watu walilala. Aliyekubali kwenye kikao cha kwanza alihesabiwa mjinga, au mwizi anayelipa kwa mali isiyo yake. "Bei ya kwanza ni salamu," ndivyo walivyosema. Desturi hiyo ikashuka pamoja na wachukuzi wa pembe mpaka Kindu, ikaingia sokoni, ikashika chumvi, ikashika mpunga, ikashika hata mahari.

Riziki aliinyonya desturi hiyo katika ziwa la mama yake. Alikuwa muuza mchele, mwenye shamba la mpunga kusini, kwenye njia ya Kibombo, na tangu avunje ungo hakuna mtu aliyemsikia akikubali bei ya kwanza. Mteja akitaja bei, Riziki alicheka. Mteja akiondoka, alimwacha aondoke. Mteja akirudi kesho yake, alimpokea kwa mkeka na maji ya kunywa, kisha akamgombeza. Wanawake wa soko walimwogopa na kumpenda kwa jambo hilo hilo.

Mumewe, Bulaimu, alikuwa mchukuzi wa zamani. Alibeba pembe za watu wa pwani kutoka msituni mpaka mtoni kwa miaka mingi, hata begani pakaota sugu ngumu ambayo mtoto wao alipenda kuigonga kwa kidole kama mlango. Bulaimu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Hakunywa, hakupiga, hakulala nje. Alichokuwa nacho ni ugonjwa mmoja tu: alikuwa amewaona wanunuashimo kwa macho yake. Aliwaona wakiingiza mkono ardhini wakiwa na kaniki kiunoni, na wakirudi Kindu wakiimbiwa na wachukuzi wao. Wale waliofukua uozo hakuwaona wakirudi, kwa sababu hawakurudi, na mtu asiyerudi hana wimbo.

Kwa hiyo siku moja alimwendea Kasimu. Huyu Kasimu alikuwa mfanyabiashara wa pwani, si mkubwa, mwenye boma lake ukingoni mwa mto, na kazi yake ilikuwa kuwapa bidhaa wale waliotaka kwenda kununua mashimo. Hakutoa kwa maneno. Alitaka rehani, na rehani yenyewe ilikuwa mtu. Sheria yake ilijulikana na kila mmoja: mtoto wa rehani anakula chakula cha boma, anafanya kazi za boma, halali na watumwa, hauzwi, wala havushwi mto, mpaka maji ya Lualaba yajae na kushuka tena. Yakishuka na aliyemweka hajaonekana, mtoto ni mali ya boma.

Bulaimu na Riziki walikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, Safi.

"Mama Safi, itakuwa mara moja tu," Bulaimu alisema. "Nimebeba pembe ya watu mpaka bega imekufa. Kule Punia iko muzee mumoja, iko na shimo, anatafuta muntu wa kununua bila bunduki. Nimeingiza mukono mimi mwenyewe. Ile ncha, mama Safi! Iko nene sawa mukono wangu."

"Na mutoto?"

"Mutoto atakula wali kwa Kasimu. Boma iko karibu, utamuona kila siku. Rehani hapana mutumwa."

"Rehani hapana mutumwa mpaka siku atakuwa mutumwa."

Siku hiyo Riziki alikataa. Kesho yake aligombana, akalia, akavunja chungu. Siku ya tatu alinyamaza. Haifai kumsingizia mume peke yake: katika ule ukimya palikuwa na kuchoka, palikuwa na paa linalovuja, palikuwa na shamba linalolimwa kwa jembe lililokwisha kuwa kijiko. Riziki naye aliiona ile ncha.

Safi alikwenda bomani kwa miguu yake, ameshika mkono wa baba. Alikuwa binti mwembamba, bado hajavunja ungo, mwenye kikohozi kikavu kilichomshika tangu utotoni: alikohoa mara mbili, akanyamaza, kisha akamalizia na cha tatu, kama mtu aliyebisha hodi akaona amebisha polepole mno. Kasimu alimtazama meno, akamtazama miguu, akakubali. Bulaimu akapakia bidhaa zake, akavuka mto, akapotea upande wa Kailo.

Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Riziki alipita bomani kila alipotoka sokoni, akiwa na ndizi au kipande cha samaki, na Aziza alimruhusu aongee na mwanawe penye uzio. Aziza alikuwa mke wa Kasimu, mzaliwa wa Maniema aliyechukuliwa mdogo katika vita vya mtu mwingine, na hakuwa mkali. Alimfundisha Safi kusuka mikeka. Mtoto alinenepa kidogo, akaanza kuimba akitwanga.

"Mama, baba anakuya lini?"

"Anakuya."

"Mto inajaa, mama. Nimeiona."

"Mto ijae," Riziki alisema. "Itajaa, baba atakuya, halafu itashuka." Alisema hivyo kwa sauti ya sokoni, ile isiyoonyesha mtu anaogopa nini.

Kisha zikaja habari. Watu wa Bula Matari, ile serikali ya Wazungu iliyopanda kutoka magharibi na askari wake, walikuwa wamepigana na watu wa pwani huko juu mtoni, na Nyangwe imeanguka. Mitumbwi ikaanza kuteremka imejaa watu, wenye majeraha na wasio na majeraha, wote na njaa. Walishuka Kindu wakatafuta chakula. Bei ya mchele ikapanda, soko lililofuata ikapanda tena. Riziki aliyaficha makanda yake, mifuko ya ukili yenye mpunga, chini ya kitanda, akauza kidogo kidogo, na ni aibu kulisema lakini lazima lisemwe: alifurahi. Aliona kwamba kwa bei ile, hata Bulaimu akirudi mikono mitupu, mpunga peke yake ungemkomboa Safi na mbegu ikabaki. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyika, lakini nyika nayo ina watu wanaouza mchele.

Na siku zile zile mchukuzi mmoja aliyetoka Kailo alimwita sokoni. "Mama Safi! Bwana yako iko njiani. Amefukua pembe, mama, sijaona ingine sawa ile. Anaibeba yeye mwenyewe, hataki muntu aiguse." Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akamwita Riziki muke ya mununuashimo, na Riziki, Mungu amsamehe, akatabasamu kama vijana wa leo wanavyotabasamu.

Aziza alikuja nyumbani kwake alasiri ya kesho yake. Hakuwahi kuja kabla. Safi alikuwa nyuma yake, na kapu tupu kichwani.

Aziza hakukaa. Alisimama mlangoni, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Mupunga yako yote, leo. Na wewe chukua mutoto yako, leo."

Mkono wa Riziki ulikuwa umekwisha kunyooka kulishika lile kapu kichwani kwa mwanawe. Lakini mdomo una mazoea yake, na mdomo wa Riziki ulikuwa umefundishwa jambo moja tangu ujana. Ulicheka.

"Yote? Bibi Aziza, mimi nile mawe? Na mbegu nipande nini?"

"Kasimu amesema yote."

"Nusu. Na mukeka mumoja juu yake, ule mutoto amesuka."

Midomo ya Aziza ilifunguka, ikafungika. Bomani kulikuwa kumetolewa amri, na mtu ambaye angetamka nje ya uzio lililokuwa likipangwa ndani angekatwa ulimi, kwa hiyo alisema lile aliloweza kusema. "Riziki. Leo hapana siku ya kupatana."

Kama angesema neno jingine lolote, pengine lingeingia. Lakini hilo Riziki alilijua. Alilisema yeye mwenyewe kila soko, akiwa amekunja uso na mkono kiunoni: bibi, leo si siku ya kupatana. Ilikuwa mbinu ya kikao cha kwanza, na jibu lake ni kukaa kimya. Riziki akakaa kimya. Kichwani alikuwa akihesabu: nusu kwa Kasimu, nusu ya mbegu na ya kula, pembe inakuja, mto haujashuka, kesho atapanda kidogo na Kasimu atashuka kidogo. Hesabu ilikuwa nzuri. Hakuna mwanamke wa Kindu ambaye angeihesabu vizuri zaidi.

"Mama," Safi alisema, "nibaki?"

Alikuwa ameshusha kapu. Alikuwa ameliweka chini kabisa, pembeni ya jiko, mahali alipozoea kuliweka alipokuwa akiishi pale.

"Enda na bibi," Riziki alimwambia, na akamfuta vumbi begani. "Kesho tutamaliza."

Safi alikuwa mtoto wa Kindu. Aliijua desturi. Akaliokota kapu, akalirudisha kichwani, akamfuata Aziza bila kulia, na Riziki alimsikia akikohoa mpaka walipofika kwenye kona ya njia: mara mbili, kimya, mara moja. Moyoni Riziki alikuwa ameshaamua kwamba ikilazimu, kwenye kikao cha tatu atatoa yote.

Asubuhi alikwenda na nusu ya makanda, yamebebwa na majirani, na maneno ya ugomvi yako tayari mdomoni. Lango la boma lilikuwa wazi. Majivu yalikuwa ya moto bado. Kuku walikuwa wakitembea sebuleni kwa Kasimu kama wenye nyumba, na katika nyumba ya wanawake kulikuwa na mkeka ulioachwa katikati, ukindu umechomoza pembeni. Kasimu alikuwa amevuka mto kabla ya majogoo, yeye na wake zake na watumwa wake na rehani zote, kuelekea mashariki mbele ya askari wa Bula Matari. Alitaka mpunga kwa ajili ya njia. Alipoukosa aliondoka hivyo hivyo.

Riziki alikimbia mpaka ukingoni. Mitumbwi yote ilikuwa ng'ambo. Wagenya, wenye mto, walikuwa wameivuta wakaificha kwenye vijito, maana walisikia kwamba askari wanapokonya mitumbwi na wapiga kasia pamoja. Aliita. Aliita jina la mtoto, kisha akaita majina ya Wagenya aliowajua, kisha akasema anatoa yote, mpunga wote, na shamba, na yeye mwenyewe. Mto ulikuwa mpana na umejaa, na hakuna aliyemjibu. Kutwa nzima aliita, na kesho yake, mpaka sauti ikakauka.

Kindu ni mji, na mji hauna siri. Jirani aliyesikia penye ukuta alimwambia jirani, na sokoni neno likabadilisha mwenyewe. Walimwonyesha kwa kidevu akipita. "Ule mwanamuke iko mununuashimo. Alipatana bei ya mutoto." Hawakucheka. Wengi wao wangefanya vile vile, na walilijua hilo, na ndiyo maana walimkwepa.

Siku ambayo Bulaimu alirudi, Riziki alikuwa amekaa chini, karibu na jiko lisilo na moto.

"Mama Safi! Toka inje! Toka uone!"

Alikuwa amekonda, miguu imejaa vidonda, na begani, juu ya sugu ile ya zamani, alikuwa na pembe ambayo mtu mwingine angeibeba na mwenzake. Aliitua polepole juu ya majani ya migomba. Ilikuwa ndefu kumpita Riziki, ya rangi ya maziwa yaliyolala, nzima toka shina mpaka ncha. Bulaimu alicheka peke yake. Hakungoja kuulizwa. Alieleza jinsi alivyolipa kila kitu, mpaka kaniki ya kiunoni; jinsi alivyopewa jembe; jinsi alivyochimba, na pembe ikaendelea, akachimba, ikaendelea, na yule mzee akakaa kando analia kwa sababu hata yeye alikuwa amesahau ukubwa wake.

"Na njiani kuko wevi," alisema, macho yanang'aa. "Upande ya Kailo nikasikia bunduki, safari kubwa ya watu inakuya mbele yangu. Nikasema, Bulaimu, leo umekufa. Nikachimba mbio mbio, nikafukia pembe, nikalala juu yake, majani juu yangu. Wakapita karibu! Ningeweza kushika miguu yao. Hawakuniona."

"Safari ya nani?" Riziki aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, iliyobaki.

"Nitajua namna gani? Uso ilikuwa mu udongo. Wanaume, wanawake, watoto wamefungwa kamba. Kuko mutoto mumoja alikuwa anakohoa, nikamuombea Mungu akohoe sana, wasisikie pumzi yangu. Alikohoa hivi…"

Akaiga. Alikohoa mara mbili. Akanyamaza, kwa kuwa yule mtoto alinyamaza. Kisha kifua chake kikamalizia cha tatu, na mdomo ukabaki wazi.

Riziki alimwambia yote. La nusu alimwambia pia. Bulaimu alisikiliza akiwa ameshika ile pembe kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia isianguke, ingawa ilikuwa imelala chini. Hakumpiga, wala yeye hakumpiga. Kila mmoja alikuwa na la kumwambia mwenzake, na kila mmoja alijua atajibiwa nini.

"Tunaweza kuwafuata," Bulaimu alisema mwishoni. "Wanatembea na watoto. Kasimu akiona hii pembe atamutoa Safi, atatoa na wale wengine."

Kwa hiyo waliondoka saa ile ile. Bulaimu aliinua pembe. Riziki alijitwika kanda moja la mpunga, lile la mbegu, lile alilokuwa ameliokoa kwa kusema nusu.

Mgenya aliyemvusha Bulaimu kwa siri alikuwa bado amejificha kwenye mwanya wa miti, na kasia magotini. Aliwatazama, akatazama juu ya mto na chini ya mto. Askari walikuwa wameonekana karibu, alisema, na wametangaza kwamba kila pembe sasa ni ya Bula Matari. Mtumbwi wenye pembe wanaupiga risasi. Mtu atamvusha. Pembe nayo ataivusha, lakini kwa bei ya kifo chake.

"Bei gani?" Bulaimu aliuliza.

"Muntu, kanda moja ya mupunga. Pembe, ukate huku kwa ncha, urefu wa mukono, unipe."

"Kukata!" Bulaimu aliruka. "Pembe ikikatwa haiko pembe tena! Nani atainunua? Kasimu atanichekea. Nitakupa vidole vine."

"Urefu wa mukono."

"Shibiri, basi. Shibiri moja, na hiyo ni juu ya urafiki."

Riziki alikuwa amesimama na mpunga kichwani. Aliisikia sauti ya mumewe ikipanda na kushuka, ikilalamika, ikicheka kidogo, ikijifanya inaondoka. Aliijua sauti hiyo kila kona yake. Alimsikia akisema, "Tulale, basi. Kesho tutamaliza."

Akaingia mtumbwini. Akatua kanda miguuni mwa Mgenya, lote, likiwa limefungwa.

"Vuka," alisema.

"Mama Safi, ngoja! Atapunguza! Namujua, atapunguza!"

Hakugeuka. Mgenya alimtazama mume, akamtazama mke, akasukuma.

Bulaimu alibaki amekaa juu ya pembe yake ukingoni, akimngoja Mgenya arudi wapatane. Askari walifika kabla ya kikao cha pili, wakaichukua bila kutaja bei yoyote, na wakamwachia yeye, maana hakuwa na thamani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa akija ukingoni na jembe, akichimba mahali palepale, akiingiza mkono mpaka kiwiko na kupapasa, na watoto wa Kindu, waliokuwa hawajui lolote, walimzunguka wakiimba mununuashimo, mununuashimo. Kutoka kwao neno likawafikia vijana wa leo, likiwa limekwisha kuoshwa.

Lakini hayo Riziki hakuyaona, kwa sababu hakurudi Kindu. Siku ile alikuwa katikati ya Lualaba, amekaa mbele, uso umeelekea ng'ambo. Mgenya alipiga kasia. Kisha alionekana kuwa na jambo linalomsumbua, maana hakuwa mtu wa kudhulumu, na kanda lile lilikuwa zito.

"Mama," alisema, "hukusema hata neno. Ungesema nusu, ningekubali. Bei ya kwanza ni salamu."

"Ninajua," Riziki alisema.

Alishuka ng'ambo na mikono mitupu. Njia ya mashariki ilianzia pale pale kwenye matope, na ilikuwa imejaa nyayo, kubwa na ndogo, nyingi sana, zimekanyagana. Mvua ilikuwa imenyesha juu yake zaidi ya mara moja. Riziki alichutama, akaanza kutafuta unyayo wa Safi baina ya zile ndogo, na kila aliouingizia mkono ulikuwa na maji.